Tulikwenda Mwitongo, Tukakumbuka Nyumbani

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za mapishi na malezi ya watoto wachanga ambazo mmezizoea katika ukurasa huu. Tunataka kuwasimulia safari. Ilikuwa safari ya siku moja tu, kutoka kwetu Sola, mkoani Simiyu, hadi Butiama, mkoani Mara. Tulikwenda kutazama maskani ya mtu mkubwa ambayo leo ni mahali pa makumbusho. Tulirudi tukiwa na aibu kidogo juu ya nyumba ya mama yetu wenyewe. Aibu hiyo ilitoka wapi? Fuatana nasi, mama, utaona.

Tulikuwa akina mama kumi na wanne, wengi wetu wanakwaya, na watoto watano waliokuwa likizo. Kwa miezi saba tulikuwa tukichanga kidogo kidogo kila Jumamosi baada ya mazoezi, mpaka tukapata fedha ya kukodi kosta. Wengine walituuliza, "Fedha yote hiyo kwenda kutazama nyumba ya marehemu? Si afadhali mngenunua viti vya kukodisha?" Hatukuwa na jibu zuri siku ile. Leo tunalo.

SAFARI YENYEWE

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Vikapu vyetu vilijaa michembe ya karanga, mayai ya kuchemsha na chupa za chai, kwa maana mwanamke wa Kisukuma hasafiri mikono mitupu. Tukapita Bariadi kulipopambazuka, tukateremka hadi Lamadi, na hapo tukaingia barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma. Ukienda na barabara hiyo kuelekea kaskazini, Ziwa Viktoria liko upande wako wa kushoto, na upande wa kulia unapita geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Watoto walibandika pua zao kwenye vioo wakitafuta nyumbu. Baada ya Bunda tulisonga mbele mpaka kwenye makutano, tukaiacha barabara ya Musoma na kugeuka kulia. Haukupita muda mrefu tukawa Butiama, mahali penye vilima na mawe makubwa, tofauti kabisa na mbuga zetu za pamba.

Maskani yenyewe yanaitwa Mwitongo. Jina hili lilitushangaza tulipoelezwa maana yake, kwa sababu halihitaji kutafsiriwa kwa Msukuma. Na sisi kwetu tunasema itongo, yaani mahame, mahali palipokuwa na mji wa watu kisha ukahamwa. Mama mmoja mzee katika kundi letu alicheka akasema, "Mayu, basi hawa wamekosea jina. Mahame gani haya yenye wageni wengi hivi?" Wote tulicheka. Lakini maneno yake tulikuja kuyafikiri tena jioni.

MTOTO WA MKE WA TANO

Hapo Mwitongo ndipo ulipokuwa mji wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki. Mtemi huyo alikuwa na wake 22. Mke wake wa tano aliitwa Mgaya wa Nyang'ombe, na tarehe 13 Aprili 1922 alimzaa mtoto wa kiume akapewa jina la Kambarage. Ni jina la mzimu wa mvua, maana inasimuliwa kwamba mvua kubwa ilikuwa ikinyesha siku hiyo. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu.

Hebu tutulie kidogo hapa, akina mama. Tumezoea kuhesabu habari za Mwalimu kuanzia siasa: TANU mwaka 1954, Uhuru mwaka 1961, Azimio la Arusha mwaka 1967. Pale Mwitongo hesabu inaanzia mahali pengine. Inaanzia kwa mama mmoja mwenye kibanda chake, jiwe lake la kusagia na shamba lake la mtama, katikati ya wake wenzake wengi. Kijana wake alichunga mbuzi kama watoto wengine wa kijiji. Alikuwa na umri wa miaka 12 alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mwaka 1937 alikwenda Tabora. Baada ya hapo akaenda Makerere mwaka 1943, na mwishoni mwa mwaka huo huo akabatizwa na kuitwa Julius. Mwaka 1949 alivuka bahari kwenda kusoma Edinburgh, akarudi mwaka 1952.

Mama aliyebaki nyumbani katika miaka hiyo yote alikuwa akifanya nini? Alikuwa akilima, akisaga, akingoja. Naye alibatizwa, akaitwa Christina. Mungu alimpa maisha marefu sana. Alimwona mwanawe akiwa mwalimu wa shule, akamwona akiwa Rais, akamwona akiacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake na kurudi kulima kijijini. Alifariki mwaka 1997, miaka miwili tu kabla ya mwanawe.

Kaburi lake liko hapo, karibu na la Mtemi Burito. Kaburi la Mwalimu nalo limejengewa jengo lake hapo hapo nyumbani. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23 ya mwezi huo. Tuliimba wimbo mmoja tukiwa tumesimama, kisha tukanyamaza. Mtoto mmoja wa miaka saba alimvuta mama yake kitenge akauliza kwa sauti, "Mama, kumbe na yeye alikuwa na mama?" Hakuna mkubwa kati yetu aliyesema jambo la maana kuliko hilo siku nzima.

NDANI YA MAKUMBUSHO

Makumbusho ya Mwalimu yalifunguliwa tarehe 2 Julai 1999, yeye mwenyewe akiwa bado hai, na yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Humo kuna picha nyingi, zawadi alizopewa na watu wa ndani na nje ya nchi, na vyombo vya jadi vya Wazanaki. Pale nje kuna nyumba alizoishi, pamoja na ile kubwa aliyojengewa na jeshi uzeeni, ambayo hakukaa sana ndani yake.

Wanaume wakienda pale, tunadhani hutazama zaidi picha za marais. Sisi tulijikuta tumejazana mbele ya vyungu na vibuyu. "Hiki ni cha kusukia maziwa." "Hiki kwetu kilikuwa kinawekwa mbegu." Mwongoza wageni, kijana mstaarabu, alikaa kimya akatuacha tueleze. Mwisho akasema, "Mama zangu, leo ninyi ndio walimu." Tulijisikia vizuri sana kwa dakika kama tano hivi.

Tulikumbushwa pia habari za Mama Maria Nyerere, mzaliwa wa Baraki, upande wa Tarime, ambaye alifunga ndoa na Mwalimu huko Musoma mwezi Januari 1953. Mwaka 1955 Mwalimu aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili aitumikie TANU, na mshahara ukakoma. Watoto walipaswa kula. Mama Maria akafungua duka dogo pale Magomeni, Dar es Salaam, akauza mafuta ya taa na mahitaji mengine madogo madogo. Nyumba ile ya Magomeni nayo leo ni makumbusho. Ukisoma habari za kupigania Uhuru, kumbuka na lile duka. Katika nyumba nyingi za Tanzania yuko mama anayeuza maandazi au dagaa ili mzee aendelee na kazi yake, na siku ya kusifiwa mzee, maandazi hayatajwi.

Jambo jingine lililotugusa ni la uzeeni. Watu wengi wanajua kwamba Mwalimu alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Ni wachache wanaojua kwamba alikaa pia akaziandika Injili kwa mtindo wa utenzi, vitabu vilivyotoka mwaka 1996. Mtu aliyeongoza nchi alikaa chini akapanga vina, mstari kwa mstari, ili Neno lisomeke na kuimbika kwa lugha yetu. Kilichoandikwa kimebaki, na hata asipokuwepo anaweza kusomwa.

NYUMBA NYINGINE

Nyumba za namna hii zipo katika nchi nyingi. Ulaya majumba ya mabwana wenye mashamba yamefunguliwa milango, watu hulipa kiingilio wakaone vitanda na vijiko vya fedha. Karibu zaidi na sisi, mjini Nairobi, upande unaoitwa Karen, iko nyumba ya shamba la kahawa iliyojengwa mwaka 1912. Mama mmoja wa Denmark, Karen Blixen, aliishi humo tangu 1917 mpaka 1931, shamba liliposhindikana kwa hasara. Kenya ilipopata Uhuru, serikali ya Denmark iliinunua nyumba ile ikaitoa zawadi kwa Kenya, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Mama yule alikuwa na mpishi Mkikuyu aliyeitwa Kamante. Wapishi katika nyumba za walowezi walikuwa wengi mno, na majina yao yamepotea. Jina la Kamante lingali linatajwa kwa sababu moja: mwenye nyumba aliandika habari zake katika kitabu chake cha mwaka 1937. Basi tukajiuliza ndani ya kosta tukirudi: na mama zetu sisi, nani aliandika?

DAFTARI LA MAMA YETU

Hapa ndipo ilipo aibu tuliyoitaja mwanzo. Tunaisema waziwazi ili mama mwingine asiifanye.

Mama yetu mzazi hakusoma shule utotoni. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima mwenye watoto. Wenye umri mkubwa mnakumbuka: Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja ile kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya", watu wakasikiliza kwa vikundi, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mama alikwenda darasani jioni, mgongoni amebeba mtoto, mkononi ana daftari. Tulikuwa tukimcheka alivyokuwa akitoa ulimi akiandika herufi.

Daftari lile alilitunza maisha yake yote. Ukurasa wa kwanza aliandika jina lake, mara nyingi, mpaka mistari ikaisha. Kurasa za mbele aliandika kilo za pamba alizouza, siku tulizozaliwa sisi watoto, jina la mtoto aliyekufa akiwa na miezi minne, na deni la chumvi la jirani ambalo nadhani halikulipwa kamwe.

Alipofariki, baada ya matanga, sisi watoto tulikaa kikao. Tulikuwa na haraka ya kurudi makazini. Kaka yetu mkubwa aliuliza, "Vitu hivi vya mama tufanyeje?" Sisi, tena sisi wenyewe tunaoandika ukurasa huu, ndio tuliojibu, "Vitenge tugawane. Hivi vingine ni takataka tu, vinaleta panya." Vibuyu vikachomwa. Vyungu vikavunjwa. Na lile daftari lilikuwa ndani ya kapu moja na karatasi za dawa na risiti za zamani, na kapu lote likaenda motoni. Hatukulifungua. Ilikuwa kazi ya alasiri moja.

Hakuna aliyetulazimisha, wala hatukuwa maadui wa mama. Tulimlilia kweli. Ila hatukujua kwamba kitu cha mtu mdogo ni kumbukumbu. Tulidhani kumbukumbu ni ya watemi na marais. Sasa tulipokuwa tumesimama mbele ya kibuyu cha Mzanaki kilichowekwa vizuri na maelezo yake, tukakumbuka moshi wa siku ile. Yule mama mzee aliyekuwa akicheka asubuhi aliona machozi, akatushika mkono bila kuuliza.

Zamani watu wetu walipohama mji walijua hapa ni itongo la fulani, na wajukuu walionyeshwa. Siku hizi tunaweza kuwa na nyumba ya matofali na bati jipya, na bado ikawa mahame, kwa sababu watoto waliomo hawajui bibi yao aliitwa nani.

JIWE LILILOBAKI

Tulipofika nyumbani hatukulala vizuri. Kesho yake tulimpigia simu kaka yetu. Tulimweleza, tukidhani atacheka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, jiwe la kusagia lipo. Nililiweka chini ya pipa la maji lisiyumbe."

Jiwe la mama! Limetusagia mtama na uwele sisi sote saba. Lina shimo katikati lililochimbwa na mikono yake, na mikono ya bibi kabla yake, maana alilipokea kwa mama mkwe wake siku alipoolewa. Kwa miaka kadhaa limebeba pipa, nasi tunachota maji na kupita.

Wasomaji wa Biblia mnakumbuka habari ya Yoshua, jinsi Waisraeli walivyochukua mawe kumi na mawili kutoka mtoni Yordani wakayasimamisha, ili siku watoto watakapouliza maana ya mawe hayo, wazazi wapate kuwasimulia. Mawe yale hayakuwa ya thamani. Thamani yake ilikuwa katika swali la mtoto na jibu la mzazi.

Tumelitoa jiwe lile chini ya pipa. Tumeliosha. Tumeliweka barazani kwa kaka, na wajukuu wote wamelisaga mtama kidogo, wakachoka baada ya dakika mbili na kutoa unga wa kujaza kiganja. Mmoja wa wasichana akauliza, "Bibi alifanya hivi kila siku?" Tukajibu kila siku, kisha tukaketi na kusimulia mpaka giza likaingia. Nyumba ya zamani itabomolewa mwakani, maana ukuta umepasuka na ni hatari kwa watoto. Hatuna uwezo wa kuizuia. Lakini tumeipiga picha, na tumeandika katika daftari jipya yale tunayoyakumbuka: siku za kuzaliwa, jina la yule mtoto wa miezi minne, hata lile deni la chumvi. Kilo za pamba hatuzikumbuki. Hizo zimepotea na hazitarudi.

MAMBO UNAYOWEZA KUANZA LEO

Huhitaji jengo wala kiingilio. Fanya haya kwa kadiri ya uwezo wako:

1. Chagua kitu kimoja cha mzee wa nyumba yako: jembe, kiti, kinu, kitenge, Biblia ya zamani. Kiweke mahali panapoonekana, na kila mtoto ajue kilikuwa cha nani.

2. Toa picha za zamani kabatini. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli majina ya watu, mahali na mwaka. Kalamu ya wino huweza kuvuja na kuharibu picha. Fanya hivyo wakati wanaowajua watu hao wangali hai.

3. Karatasi na madaftari yaweke katika kopo la bati lenye kifuniko, juu na si sakafuni, mbali na mchwa na unyevu.

4. Mtume mtoto anayejua kuandika akamuulize bibi au babu maswali matano, aandike majibu. Mzee atafurahi, na mtoto atajifunza kusikiliza.

5. Baada ya msiba, msichome kitu chochote cha karatasi wiki ile. Fungeni kapu, lifunguliwe baada ya miezi mitatu, machozi yakiwa yamekauka.

6. Kikundi chenu kikiweza kuchanga nauli, nendeni Mwitongo, au makumbusho yoyote yaliyo karibu nanyi. Wachukueni watoto. Msiwakataze kuuliza maswali kwa sauti.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Je, watoto wako wanajua jina la mama wa mama yako? Katika nyumba yenu, ni kazi gani ya mama ambayo haitajwi siku ya kusifiana? Kama nyumba yako ingefunguliwa milango baada ya miaka hamsini, wageni waingie na kutazama, ungependa waone kitu gani kimoja?

Wale waliotuuliza kwa nini hatukununua viti, jibu letu ni hili: viti tutanunua mwakani, Mungu akipenda. Daftari la mama hatuwezi kulinunua popote.

Tuonane mwezi ujao.